Katibu wa Mbunge anataka maswali kabla ya mahojiano: nimpe?

SWALI

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni mtangazaji wa redio ya jamii katika mojawapo ya wilaya za Kanda ya Ziwa. Ninaandaa na kuongoza kipindi cha Jumamosi asubuhi ambacho huwaalika viongozi kuzungumza na wananchi mubashara kwa muda wa saa moja. Kwa muda mrefu nimekuwa nikimwomba mbunge wetu aje studioni, na hatimaye katibu wake amenijibu kwamba Mheshimiwa yuko tayari, ila kwa sharti kwamba nitume maswali yote kwa maandishi ili yapitiwe kwanza.

Nilituma. Niliona ni jambo la kawaida, kwa sababu hata ninapokwenda halmashauri kutafuta habari ndogo, kama vile ratiba ya chanjo ya mifugo, afisa habari huniambia niandike maswali, niyaambatanishe na barua ya utambulisho, kisha nisubiri kupigiwa simu. Orodha yangu ilirudi kwa WhatsApp ikiwa imebadilika. Swali kuhusu mradi wa maji ambao mabomba yake yalifukiwa na vituo vya kuchotea vikajengwa, lakini havijawahi kutoa maji, lilikuwa limefutwa. Swali kuhusu matumizi ya Mfuko wa Jimbo nalo limefutwa. Mahali pake yamewekwa matatu ambayo sikuyaandika mimi: la kwanza linamtaka Mheshimiwa ataje mafanikio ya jimbo tangu achaguliwe, la pili linamtaka aeleze anavyoshirikiana na viongozi wa kitaifa, na la tatu linahusu mashindano ya mpira wa miguu ya vijana anayoyadhamini. Chini yake katibu ameandika: "Haya ndiyo tuliyokubaliana." Sikumbuki kukubaliana na mtu yeyote.

Nilimwonyesha meneja wa kituo. Alisema mgeni humwaliki nyumbani ukamvua nguo mbele za watu, na kwamba kituo chetu kinaishi kwa matangazo ya halmashauri na ya wafanyabiashara walio karibu na Mheshimiwa, kwa hiyo nifuate orodha ilivyo. Mwenzangu wa chumba cha habari ana msimamo wa kinyume kabisa. Yeye anasema kumpa mwanasiasa hata swali moja kabla ya mahojiano ni sawa na kuvujisha mtihani, na kwamba heshima ya kipindi imekwisha tangu nilipobonyeza kitufe cha kutuma. Yupo na wa tatu, fundi mitambo wetu, ambaye ananishauri nikubali kila kitu, kisha mbunge akishakaa mbele ya kipaza sauti nimuulize yale yale yaliyofutwa, kwa kuwa mubashara hakuna wa kunizuia.

Naomba unieleze kwa uwazi. Je, ni makosa kumpa kiongozi maswali mapema? Na sasa kwa kuwa orodha imekwisha kwenda na kurudi, nifanye nini? Kipindi ni Jumamosi hii.

Mtangazaji, Kanda ya Ziwa

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo kila mtu hapo kituoni ameyachukulia kuwa ni jambo moja. Katibu alipokuomba maswali, aliomba taarifa. Alipofuta mawili na kuandika matatu ya kwake, alikuwa amejipa kazi ya mhariri wa redio yenu, kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Kuhusu lile la kwanza, watu wenye akili timamu wanaweza kubishana, na mimi mwenyewe nina ndiyo na hapana zangu ambazo nitakueleza. Kuhusu la pili sina la kujadili. Orodha ile usiifuate.

Mwenzako anayezungumzia mtihani uliovuja simlaumu, kwa kuwa anatetea jambo zuri, lakini mfano wake hauingii vizuri hapa. Anayetunga mtihani analijua jibu na anataka kuona kama mtahiniwa naye analijua. Wewe hujui kwa nini vituo vya maji havitoi maji, na wasikilizaji wako hawajui, na ndiyo maana mnauliza. Ikiwa kumjulisha Mheshimiwa mapema kutamfanya aje na jibu lenye tarehe, kiasi cha fedha na jina la mkandarasi, msikilizaji wa kijijini atakuwa amepata kitu. Kumbuka kwamba miradi ya maji vijijini iko chini ya RUWASA, wakala ulioanza kazi mwaka 2019, na mbunge si msimamizi wa mradi. Ukimshtukiza kwa swali la mradi fulani wa kata fulani, ana haki kabisa ya kusema kwamba hana takwimu hapo alipo, kwamba atalifuatilia, kwamba mchakato unaendelea. Umemfungulia mlango mwenyewe na ameupita. Lakini ukiwa umemwandikia siku tatu kabla kwamba utazungumzia mradi huo, na kwamba unaomba awasiliane na meneja wa RUWASA wa wilaya apate hali halisi, akija bila jibu wasikilizaji watajua kuwa hakulitafuta.

Swali la Mfuko wa Jimbo ni la aina nyingine. Sheria ya mwaka 2009 iliyouanzisha mfuko huo ilimfanya mbunge mwenyewe kuwa mwenyekiti wa kamati yake jimboni, kwa hiyo hapo hawezi kukuelekeza kwa mkurugenzi wala kwa wakala. Hesabu za miradi iliyopata fedha mjulishe mapema kwamba utazihitaji, kwa sababu hakuna anayebeba hesabu za namna hiyo kichwani. Lakini kwa nini kamati ilichagua kata hii ikaiacha ile, nani alipendekeza, na nani alipinga, hayo ni maamuzi aliyoyafanya yeye akiwa amekalia kiti. Mtu hahitaji wiki nzima ya maandalizi ili akumbuke sababu za uamuzi wake. Akipewa wiki hiyo, ataitumia kutengeneza sababu bora kuliko zile alizokuwa nazo.

Kipimo changu ndicho hicho, na si kigumu kukitumia. Jambo linalohitaji kwenda kutafutwa, mjulishe. Jambo ambalo yeye analijua kwa kuwa alilifanya, aliliahidi au alilinyamazia, mtajie mada tu, na maneno ya swali yabaki kwako.

Utaratibu huu si mgeni kwetu. Bunge letu linautumia kila asubuhi ya vikao. Swali la msingi la mbunge hupelekwa kwa maandishi, huchapishwa katika orodha ya shughuli za siku, na wizara hupata muda wa kuandaa jibu, ndiyo maana Naibu Waziri husimama na karatasi mkononi na kusoma vijiji, kilomita na mabilioni ya shilingi bila kukwama. Kisha mwuliza swali husimama tena na ile sentensi ambayo sote tumeizoea, kwamba pamoja na majibu mazuri ya Naibu Waziri, anaomba kuuliza maswali mawili madogo ya nyongeza. Sikiliza vizuri kinachotokea hapo. Karatasi haina tena msaada mkubwa, sauti ya Waziri hubadilika, na mara nyingi ni katika dakika ile ya nyongeza ndipo nchi inapojua kama wizara inalijua tatizo au ilikuwa inasoma tu. Na siku za Alhamisi, Waziri Mkuu huulizwa maswali ya papo kwa papo bila kupewa taarifa, kwa sababu yeye anaulizwa sera na maamuzi ya Serikali, mambo ambayo yumo ndani yake kila siku. Waliotunga kanuni hizo walielewa kwamba kuna majibu yanayohitaji maandalizi na kuna majibu yanayoharibiwa na maandalizi. Sioni kwa nini redio ya wilaya iwe na upungufu wa ujasiri kuliko Bunge katika jambo hili.

Sasa nikupe mfano wa mbali, kwa sababu unafanana na hali yako kuliko unavyodhani. Mwaka 2024 Rais wa Marekani, Joe Biden, alifanya mdahalo na Donald Trump tarehe 27 Juni, akafanya vibaya mno, hata watu wa chama chake wakaanza kuhoji kama anaweza kuendelea kugombea. Siku chache baadaye alihojiwa na redio mbili, mojawapo ikiwa WURD ya Philadelphia, na mtangazaji wake aliitwa Andrea Lawful-Sanders. Lengo la mahojiano lilikuwa kuonyesha kwamba mzee bado ana uwezo wa kujieleza. Mtangazaji wa CNN aliyesikiliza mahojiano ya redio zote mbili aligundua kwamba maswali yanafanana, akamwuliza Lawful-Sanders, naye akajibu bila kuficha kwamba kampeni ya Biden ilimtumia maswali 8, naye akachagua 4. Siku iliyofuata kituo kilitangaza kwamba kimeachana naye, na mkuu wa kituo akaeleza kwamba kupokea maswali kutoka kwa kampeni kulikwenda kinyume na uhuru wa chombo hicho mbele ya wasikilizaji wake. Upande wa kampeni ulijitetea kwamba ni kawaida kwa wageni kupendekeza mada na kwamba mtangazaji alikuwa huru kuuliza alichotaka.

Ninaiamini sehemu ya utetezi huo. Wanasiasa wote hupendekeza mada, na pendekezo si dhambi. Mimi naona kilichomponza yule dada ni kwamba wasikilizaji walisikiliza mahojiano yote wakiamini kuwa maswali ni ya mtangazaji wao, mtu wanayemjua kwa sauti, kumbe yametoka kwa mtu anayejibu. Laiti angesema mwanzoni mwa kipindi kwamba maswali haya yamependekezwa na kampeni nami nimeyachagua, mahojiano yale yangekuwa dhaifu lakini yasingekuwa ya udanganyifu. Nikikosoa zaidi, naikosoa kampeni kuliko yeye. Walikuwa na Rais ambaye swali pekee lililokuwa juu yake ni kama anaweza kujibu jambo asiloliandaa, nao wakampeleka mahali ambapo kila jambo limeandaliwa. Hata angejibu kwa ufasaha wa namna gani, lile swali lingebaki pale pale. Mwambie katibu wa mbunge wenu hadithi hii kwa upole, kwa maana anadhani anamlinda bosi wake, wakati anamnyima nafasi ya kuaminiwa.

Upo upande mwingine wa ukali, nao si wangu lakini ujue kwamba upo. Oktoba mwaka huo huo wa 2024 mtangazaji wa BBC, Laura Kuenssberg, alikuwa amhoji Boris Johnson, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, na kwa bahati mbaya akamtumia yeye maelezo ya maandalizi yaliyokusudiwa kwenda kwa timu yake. Mahojiano yakafutwa, na mwenyewe akatangaza hadharani kilichotokea. Wengi walicheka. Mimi niliona kwamba BBC walikuwa sahihi kuyafuta, kwa sababu maelezo ya maandalizi hayabebi maswali matupu. Yanabeba njia nzima, kwamba akijibu hivi tunakwenda huku, akikwepa tunarudi na ushahidi huu. Swali la kwanza mgeni yeyote mwerevu hulikisia akiwa njiani. Akishaijua njia, umebaki na mazungumzo ya kuigiza.

Na wakati mwingine hata swali linalokisiwa na kila mtu hufanya kazi yake likiulizwa bila maneno kutangulia. Mwaka 1979 Seneta Edward Kennedy alipokuwa akijiandaa kugombea urais wa Marekani, Roger Mudd wa televisheni ya CBS alimwuliza kwa nini anataka kuwa rais. Hakuna swali jepesi kuliko hilo kwa mgombea. Kennedy alisitasita, akazunguka, akatoa maneno mengi yasiyofika popote, na mahojiano hayo yakaonyeshwa kwenye televisheni tarehe 4 Novemba. Mtu wa mawasiliano angelipata swali hilo kwa maandishi, angemwandikia jibu la kupendeza kwa nusu saa, na wapiga kura wasingejua kwamba mgombea mwenyewe hakuwa nalo. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa Mheshimiwa, hata liwe la wazi kiasi gani, liweke kwa maneno yako na ulitoe mara ya kwanza mbele ya kipaza sauti.

Liko jambo moja ambalo huna hiari nalo. Kama una ushahidi au shutuma mahususi dhidi ya Mheshimiwa, mathalani mtu amekwambia kwamba fedha za mfuko zilijenga ukuta wa nyumba binafsi, maadili ya kazi yetu yanakutaka umjulishe shutuma hiyo kabla hujaitangaza na umpe muda wa kutosha wa kuijibu. Hiyo ni haki ya anayeshutumiwa, awe mbunge au muuza dagaa. Katika barua yako sioni shutuma ya namna hiyo, naona maswali ya uwajibikaji, ila naliweka wazi kwa sababu ya ushauri wa fundi mitambo wenu.

Ushauri wake wa kukubali orodha kisha kumvizia mgeni hewani usiufuate. Najua unavutia, na mubashara ungeleta msisimko wa dakika mbili. Lakini ukishamwachia katibu aamini kwamba mmekubaliana, halafu ukafanya kinyume, utakuwa umempa Mheshimiwa hadithi ya kusimulia, nayo haitahusu maji. Atasema ameviziwa, na atakuwa na haki ya kusema hivyo. Kiongozi mwingine yeyote wa wilaya atakayealikwa baada yake ataikumbuka. Kataa orodha mapema na kwa maandishi, ili Jumamosi ukiuliza habari za maji pasiwe na mtu wa kushtuka.

Andika leo, bila hasira, bila kuuliza kwa nini walifuta. Unaweza kuandika hivi: "Ndugu Katibu, asante kwa kuturudia mapema. Kwa utaratibu wa kipindi chetu, tunamjulisha mgeni mada lakini maswali huandaliwa na kituo. Mada za Jumamosi zitakuwa hali ya huduma ya maji jimboni, utekelezaji wa Mfuko wa Jimbo, na shughuli za vijana. Tunamwomba Mheshimiwa aje na taarifa ya RUWASA kuhusu mradi uliokamilika bila kutoa maji, pamoja na orodha ya miradi ya mfuko ya mwaka wa fedha uliopita. Nusu saa ya mwisho ni simu na ujumbe wa wasikilizaji, ambao nasi hatuujui kabla." Sentensi hiyo ya mwisho ni ya kweli na itakusaidia sana, kwani hakuna katibu anayeweza kumfuta msikilizaji anayepiga simu kutoka kijiji chenye bomba kavu.

Umeona kwamba vijana wamo katika mada. Katika yale matatu ya katibu, lile la mashindano ya mpira ni swali halali, wapo vijana wengi wanaotaka kujua ligi inaanza lini na zawadi ni nini, na ukilipa dakika tano baada ya maji na mfuko hujapoteza kitu. La mafanikio halihitaji kuulizwa. Atayataja mwenyewe, hujawahi kuona mbunge aliyesahau. La kushirikiana na viongozi wa kitaifa liache.

Siku ya kipindi, kabla ya salamu za mgeni, waambie wasikilizaji kwa sentensi moja kwamba Mheshimiwa alijulishwa mada mapema na kwamba maswali hakupewa. Lakini usiseme hivyo kama si kweli. Yale ya awali uliyotuma amekwisha kuyaona, kwa hiyo yaandike upya yote, na uandae ya nyongeza ambayo hayakuwamo kabisa katika orodha ya kwanza. Andaa zaidi ya unayohitaji. Kwa kila jibu unalolitarajia kuhusu maji uwe na la kufuatia: kama atasema pampu imeharibika, utamwuliza iliharibika lini na aliambiwa na nani, kama atasema mkandarasi hajalipwa, utamwuliza hati ya malipo iko ofisi gani. Hapo ndipo utakapojua kama alikuja na taarifa au alikuja na hotuba.

Ule utaratibu wa afisa habari wa halmashauri usiuchanganye na huu. Unapoandika maswali kwa halmashauri unaomba taarifa kutoka ofisi ya umma, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 30. Maandishi hapo ni kinga yako. Ila ofisi inatoa kumbukumbu, na mtu aliyechaguliwa anatoa maelezo ya nafsi yake, na ndiyo maana mnataka akae studioni badala ya kuwatumia barua.

Limebaki suala la meneja, ambalo naliona kuwa zito kuliko katibu. Siwezi kukuambia uhatarishe kazi yako kwa ajili ya kipindi kimoja, na yeye haongei upuuzi anapohesabu matangazo. Usimwendee na hoja ya uhuru wa habari. Mwendee na utaratibu. Mwombe kituo kiwe na ukurasa mmoja unaosema mada hutolewa, maswali hayatolewi, na hivyo ndivyo ilivyo kwa mkuu wa wilaya, kwa mbunge, kwa diwani na kwa mpinzani wao. Meneja anayeshinikizwa kwa simu husaidika sana akiwa na karatasi ya kuonyesha kwamba hakuna kilichobuniwa kwa ajili ya mtu mmoja. Umkumbushe pia kwamba kipindi cha kampeni kitakapofika, mgombea wa chama kingine atakuja kudai kile kile alichopewa Mheshimiwa, na hapo kituo kitalazimika ama kumpa naye haki ya kufuta maswali, ama kueleza kwa nini yeye hapewi.

Ujumbe kwa katibu mtumie meneja nakala kabla haujatoka, asije akausikia kwa mtu mwingine. Na kwa kuwa Mheshimiwa anaweza kukataa kuja, leo hii hii zungumza na meneja wa RUWASA wa wilaya na mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji wa kijiji kile, uwaombe wawe tayari kuichukua saa hiyo. Ikitokea hivyo, tangaza kwamba mbunge alialikwa na hakuweza kufika, usiongeze neno la kejeli, na mtumie katibu namba ya studio ili Mheshimiwa akitaka kuchangia apige wakati wowote kipindi kikiendelea.